Shati Lililounguzwa na Albamu

Wiki albamu mpya inapotoka, mwenye haraka na nguo yake hampelekei Mama Pasi. Hilo mtaa mzima unalijua. Mama Pasi hasikilizi wimbo mmoja leo na mwingine kesho, kama mtu anayedonoa chakula cha wenzake. Anasikiliza albamu nzima, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mara tatu, amesimama na pasi mkononi, na ndipo anapotoa neno. Mara ya kwanza ni ya masikio, husema. Ya pili ni ya mkono. Ya tatu ni ya moyo, na albamu nyingi za siku hizi hazifiki huko, zinafia njiani.

Chumba chake cha kazi kina dirisha moja. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, bomba la kutundikia nguo lililopinda katikati kwa uzito wa makoti, ndoo ya maji ya kunyunyizia, na redio kubwa ya kaseti ambayo mlango wake umefungwa kwa mpira wa nywele. Pembeni ya redio ipo spika ndogo ya kuchomekea flashi, kwa ajili ya hizi za kisasa. Mkono wake huenda na wimbo. Wimbo uliotungwa na mtu mwenye akili unamaliza shati moja: mgongo kwenye ubeti wa kwanza, mikono kwenye wa pili, kola kwenye kiitikio cha mwisho. Kwa hiyo hapimi albamu kwa dakika. Atakwambia, "Hii ni ya mashati kumi na suruali mbili," na wewe utajua kama ununue au uache.

Nguo zikishakunjwa, kila moja hubanwa kikaratasi kwa pini. Mbele kuna namba ya mteja. Nyuma kuna maoni ya wiki. Hakuna aliyemwomba maoni, na hakuna aliyewahi kumkataza. Mtu anafungua mfuko nyumbani kwake anakuta: "Nyimbo kumi na tisa. Kumi na nne hazina mwisho, zinakatika kama umeme." Au: "Sauti anayo, lakini anajitaja jina kila mstari, kama mtoto aliyepotea sokoni." Au: "Besi yote hii ni ya kuwajulisha majirani kwamba umenunua spika." Kuna muuza simu aliyeleta shati safi kabisa, limenyooka, akadai lina mikunjo. Mama Pasi alilinyanyua dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Shati lako halina tatizo, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka kusoma."

Akamwandikia kikaratasi, akambana nacho kifuani, akamrudishia shati lake.

Basi ikatoka albamu ambayo hata yeye aliingoja. Haikuwa ya kijana yeyote. Ilikuwa ya bendi ya zamani, ile iliyokuwa ikipiga kwenye ukumbi wa kijamii wakati Mama Pasi angali msichana, na mpiga ngoma wake kwa miaka kumi na moja alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Ni fundi saa tangu wakati ule, na sasa ana kibanda chake mkabala na ukumbi wa gemu, na watu humwita hivyo hivyo, Fundi Saa. Bendi ilikwisha zamani, kila mtu akashika njia yake. Kampuni moja ya muziki ilichukua nyimbo zile, ikazisafisha kwa kompyuta, ikazitoa upya. Kwenye jalada waliandika neno "Zimesafishwa" kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi.

Mama Pasi alichomeka flashi asubuhi. Mezani kulikuwa na shati jeupe la Mwalimu, mteja wake wa siku nyingi. Wimbo wa kwanza ulipita, akaguna. Wa pili akanyamaza. Wa tatu ukawa ule wenyewe, wimbo wa mtu anayengoja barua. Kila aliyeishi wakati ule anaujua. Mwimbaji analalamika beti mbili, halafu anauliza, "Imefika?" Hapo bendi nzima inanyamaza. Gitaa kimya, tarumbeta kimya. Unangoja. Ukumbini watu walikuwa wakibaki na mguu mmoja hewani. Unangoja mpaka unahisi pengine wamesahau, pengine umeme umekatika, ndipo ngoma ya Fundi Saa inapoanguka, du, na watu wote wanashusha mguu pamoja, sakafu inatikisika.

Mkono wa Mama Pasi ulikuwa na desturi yake kwenye wimbo huo, desturi ya miaka thelathini. Kwenye "Imefika?" anaweka pasi juu ya kola. Ngoma ikianguka, anainyanyua. Kola inatoka imenyooka kama karatasi, wala hajawahi kufikiria kwa nini.

Siku hiyo mwimbaji aliuliza, na Mama Pasi akaweka pasi. Akangoja. Alingoja ngoma kwa moyo mmoja, macho yakiwa dirishani. Harufu ndiyo iliyomwamsha. Aliponyanyua, kwenye kola ya Mwalimu palikuwa na alama ya ncha ya pasi, rangi ya chai, na wimbo ulikuwa umeshafika ubeti wa tatu.

Alizima. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, safari hii bila pasi. Mwimbaji aliuliza "Imefika?" na ngoma ikajibu papo hapo, kama tarishi alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Kimya kile hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa, na mshono haukuonekana.

"Wajinga," Mama Pasi aliiambia spika. "Wajinga wa kutupwa."

Alivua aproni, akafunga mlango, akatoka na shati mkononi kwenda kwa kaka yake. Alijua atamkuta na kile kioo chake jichoni, ameinamia saa ya mtu, na alikuwa ameshapanga maneno ya kumpa pole. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Juu ya kufuli palining'inia kadibodi: "Nimetoka kidogo." Ng'ambo, ndani ya ukumbi wa gemu, watu walikuwa wakishangilia, na katikati ya kelele hizo alisikia wimbo wa barua.

Albamu ile ilikuwa imetoka pamoja na gemu yake, kama mapacha. Ndani ya ukumbi, mwenye ukumbi, ambaye wateja wake humwita Bwana Gemu, alikuwa ameisimamisha pale inapoonekana toka mlangoni: kiti, ngoma nne za mpira, vijiti viwili na kioo kikubwa. Kwenye kioo nukta za rangi hushuka kama matone ya mvua, na nukta ikigusa mstari unapiga. Ukipiga kwa wakati kinaandika SAWA kwa kijani. Ukiwahi au ukichelewa, KOSA kwa nyekundu. Usipopiga kabisa, ngoma hazisikiki, wimbo unaendelea bila wewe.

Kwenye kiti alikaa Fundi Saa, mikono ya shati imekunjwa, miwani imeshuka puani.

"Kaka," Mama Pasi aliita.

"Ngoja, dada. Niko tisini na tatu."

Alingoja. Mwimbaji aliuliza "Imefika?" na Fundi Saa akapiga hapo hapo, bila kupumua. SAWA. Vijana nyuma yake wakapiga meza. Wimbo ulipoisha, kioo kiliandika asilimia tisini na sita, na jina "Fundi" likapanda juu kabisa ya orodha.

"Umeona?" alisema, akijifuta shingo kwa leso. Mama Pasi alikuwa hajamwona na uso ule kwa miaka mingi.

"Nimeona. Pale kwenye swali umefanya nini?"

"Pale ndipo nilipokuwa naharibu. Tangu juzi nimehangaika na pale tu. Sasa nimepaweza."

"Nani kakwambia ulikuwa unaharibu?"

Fundi Saa alielekeza kijiti kwenye kioo. "Hiki. Hakinijui, hakina chuki na mimi wala mapenzi. Kinahesabu tu. Na kinasema alichosema kiongozi."

Neno hilo la kiongozi wa bendi Mama Pasi alilijua. Siku ya kurekodi wimbo ule, tepu ilikuwa ya mwisho. Walipomaliza, kiongozi alimgeukia mpiga ngoma akasema, "Umechelewa. Basi iache hivyo hivyo, tepu hatuna." Wimbo ukapendwa, watu wakajaa, na kiongozi hakuacha. Kila Jumamosi jukwaani alimtambulisha kwa utani ule ule: "Na huyu nyuma ni fundi saa, ila ya kwake haijapata fundi." Ukumbi ulicheka. Kaka mtu naye alicheka, na dada yake, aliyekuwa akisimama karibu na nguzo kushika makoti ya wanamuziki, alikuwa akiona kwamba kaka yake hucheka wa mwisho.

"Angalia hili," Mama Pasi alisema, akamfunulia kola. "Nimeunguza shati la Mwalimu kwa sababu yako."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hukuwepo. Nimekungoja na pasi juu ya kola, hukuja."

Fundi Saa alilitazama shati, akaligusa lile doa kwa kidole kana kwamba litafutika. Halafu akamrudishia.

"Dada, nina miaka sitini na mbili. Niachie nami nipate kitu kimoja sawa."

"Mama, kama huchezi, kiti kina foleni," alisema Bwana Gemu, kwa adabu, akizungusha funguo kidoleni.

Mama Pasi alitoka. Barabarani alikuwa akiongea peke yake na hakujali anayesikia. Hasira yake haikujua imwangukie nani. Kampuni ilikuwa mbali. Gemu ilikuwa mashine. Kiongozi wa bendi alishakufa, na marehemu hagombwi. Amgombeze kaka yake, mtu mzima aliyefurahi kwa mara ya kwanza tangu avae miwani? Lakini furaha yenyewe ya namna gani, ya mtu kuomba radhi kwa kitu kizuri alichokifanya?

Siku tatu chumba chake hakikulia muziki. Waliopita dirishani walidhani amefiwa. Alipiga pasi kimya, kwa nguvu, na vikaratasi vya wiki hiyo vilikuwa vikali hata pini ziliogopa. "Wameisafisha albamu mpaka imechanika. Wangeuliza dobi yeyote." Kingine: "Mtu kaona ua kwenye kitambaa, kadhani ni doa, kalisugua." Na kingine, kwenye suruali ya mtu asiyehusika na lolote: "Jalada lina majina ya waliosafisha, kumi na wawili. Waliochafua hawajaandikwa hata mmoja. Kama ilikuwa chafu, tuambieni basi ilichafuliwa na nani, tukawashukuru."

Siku ya nne Mwalimu alikuja kuchukua nguo zake. Ni mtu mrefu, mstaafu, anayeinama mlangoni hata kwenye milango mirefu.

"Mama Pasi, naona mashati manne. Nilileta matano."

"La tano limeungua, Mwalimu. Kola. Nitaipeleka kwa fundi cherehani aigeuze, upande wa ndani ni mzima. Lakini kwanza keti usikie aliyeliunguza."

Akamwekea flashi. Mwalimu alisikiliza, mkono kidevuni. Ilipopita ile "Imefika?" aliinua kichwa, akamtazama Mama Pasi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Rudia."

Akarudia. Kisha Mama Pasi akatoa flashi, akaweka kaseti yake mwenyewe, akafunga mlango wa redio kwa mpira wa nywele. Kaseti ilikoroma kidogo, ikatulia. Mwimbaji aliuliza. Kimya kikaingia chumbani, kirefu, na nje mtu akasikika akiburuta ndoo. Du.

Mwalimu alishusha mkono uliokuwa kidevuni. Halafu akaanza kucheka polepole.

"Unajua mimi mke wangu nilimposa pale? Pale pale. Mguu mmoja hewani, naye mguu mmoja hewani, tumeshikana tusianguke. Nilikuwa na maneno yamenikaa kooni miezi minane. Nikaona hii ngoma haishuki, nikasema. Ingeshuka mapema, mpaka leo nisingekuwa nimesema."

"Mwalimu, njoo ukamwambie kaka yangu hayo."

"Hajui?"

"Anajua alichelewa."

Mwalimu alifikiri. "Nikimwambia ataona namfariji. Sasa hivi anaamini mashine, siyo?"

"Anaamini mashine."

"Basi hapo, Mama Pasi, mimi na mke wangu hatuna kura."

Jumamosi mchana Mama Pasi aliingia ukumbi wa gemu na aproni yake kiunoni, maana hakutaka kupoteza muda wa kuivua. Kaka yake alikuwa kwenye benchi la ukutani akingoja zamu. Vijana walikuwa wengi. Mama Pasi alipita katikati yao, akakaa kwenye kiti cha gemu, akaokota vijiti.

"Bibi, hiyo siyo pasi," alisema mmoja.

"Najua. Pasi ina faida. Niwekee wimbo wa barua."

Bwana Gemu alimtazama Fundi Saa, Fundi Saa akatazama viatu vyake. Wimbo ukaanza.

Alikuwa mbovu. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Nukta zilishuka upande huu naye akapiga upande ule, kijiti kimoja kilimponyoka akakiokota miguuni, na KOSA zilimwagika kwenye kioo kama pilipili. Vijana walicheka hadi wakashikana mabega. "Bibi, fumba macho labda utapata," mmoja alimwambia, na Mama Pasi, bila kugeuka, akajibu, "Shati lako la Jumatatu nimeliona, mwanangu, usinifanye niseme." Kicheko kikamhamia mwenye shati.

Mwimbaji akauliza, "Imefika?"

Mama Pasi alinyanyua vijiti vyote viwili juu ya mabega yake, akaviacha huko. Kioo kiliwaka KOSA. Gitaa zilianza kukimbia bila ngoma. KOSA. KOSA. Vijana walinyamaza, wakidhani mama wa watu amepatwa na kitu. Alikaa hivyo, mikono juu, shingo imenyooka, kisha akaishusha. Du.

"Umewahi," ilisema sauti toka kwenye benchi.

Mama Pasi aligeuka. "Nimewahi? Tazama hapo, mashine inasema nimechelewa."

"Achana na mashine, umewahi." Fundi Saa alikuwa ameshasimama, na uso wake ulikuwa na karaha ya fundi aliyeona mtu anafungua saa kwa kisu. "Pale huhesabu. Pale unangoja mpaka uone aibu. Unaona watu wote wanakutazama, unaona aibu, halafu unangoja tena kidogo. Ndipo unashusha. Wewe umeshusha ulipoona aibu tu."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Nani anifundishe? Nilikuwa nafanya hivyo kila Jumamosi, miaka..." Akaishia hapo.

Dada yake hakumsaidia kumalizia. Wimbo uliendelea kukimbia peke yake kwenye kioo, nukta zikianguka bila mtu, nyekundu tupu, mpaka gemu yenyewe ikachoka ikazima. Asilimia kumi na tisa.

"Kila Jumamosi," Mama Pasi alisema. "Halafu unaniambia ulikuwa unachelewa. Mtu anachelewa mahali pale pale, kiasi kile kile, miaka kumi na moja? Ukiletewa saa ya namna hiyo utasema ni mbovu?"

Fundi Saa alisogea kwenye kiti. Alinyoosha mkono, akachukua vijiti, akamsogeza dada yake kwa kiuno kama walivyokuwa wakisukumana utotoni kwenye mkeka.

"Fundi, angalia," alisema Bwana Gemu. "Leo ni siku ya mashindano. Mashine inaandika alama zako za mwisho, siyo zilizo bora. Utashuka."

"Weka."

Alicheza. Mwanzo nukta zote zilikuwa kijani, maana mikono yake ilikuwa imeshazoea. Ilipofika pale, akanyanyua vijiti. KOSA. Vijana walimwona akiona aibu, masikio yakamwiva, na bado hakushusha. KOSA, KOSA. Akangoja tena kidogo. Kijana mmoja karibu na mlango alikuwa amenyanyua kisigino, wala hakujua amekinyanyua. Ngoma ikaanguka.

Baada ya hapo hakurudi tena kwenye mstari wa mashine. Alicheza wimbo uliobaki nyuma ya nukta, kwa umbali ule ule aliouacha, na kioo kikawa chekundu hadi mwisho. Asilimia arobaini na nne. Jina "Fundi" lilishuka toka juu ya orodha, likapita jina baada ya jina, likatoweka chini ya kioo.

"Nilikwambia," alisema Bwana Gemu.

"Mashine yako ni mbovu," Fundi Saa alisema, akamrudishia vijiti. "Ningekutengenezea, lakini mimi ni wa saa." Safari hii alicheka wa kwanza.

Wiki iliyofuata Mwalimu alipokea shati lake la tano, kola imegeuzwa, huwezi kujua. Kikaratasi kilikuwa kwenye kifungo cha juu. Mbele, namba yake. Nyuma, kwa mwandiko uliobanwa ili yote yaingie, Mama Pasi alikuwa ameandika: "Albamu ya zamani, imesafishwa. Mashati tisa na moja limeungua. Gemu yake inamfundisha mwenye wimbo kuukosea. Msinunue yoyote kati ya hizo mbili. Ngoma: kaka yangu. Hawakumwandika, namwandika mimi."